Timu Iliyomlipia Mgeni Nauli



Vijana wa kijiji wanapotaka kuanzisha timu ya mpira, tunayajua mambo wanayouliza kwanza. Mpira utatoka wapi? Jezi zitakuwa za rangi gani? Nani atakuwa kepteni? Nani atalinda goli? Watu huweza kubishana jioni nzima juu ya rangi ya jezi. Ni mara chache mtu huinua mkono na kuuliza: "Tukienda kucheza kijiji cha mbali, nauli ya lori atalipa nani? Na wao wakija kwetu, nani atawalipia?"

Swali hilo halipendezi. Anayeliuliza huonekana mtu wa kukatisha tamaa. Hata hivyo, iko timu moja kubwa, katika nchi tajiri, iliyoishi miaka mitatu tu. Mzigo wake wa kwanza ulikuwa nauli. Timu hiyo iliitwa Western Reds, yaani Wekundu wa Magharibi. Ilikuwa katika mji wa Perth, nchini Australia. Ilianza kucheza mwaka 1995. Mwisho wa mwaka 1997 ilivunjwa.

Katika somo hili tutasoma habari za timu hiyo. Tutaona ilivyoanza, ilivyocheza, na ilivyokufa. Kisha tutajiuliza sisi wenyewe tunajifunza nini.

1. Mchezo wenyewe

Western Reds haikucheza kandanda. Ilicheza raga. Wengi wetu tumesikia habari za raga kwa sababu ya jirani zetu wa Kenya. Timu ya Kenya ya wachezaji 7 inajulikana duniani. Mwaka 2016 ilishinda mashindano ya Singapore.

Raga ziko za namna mbalimbali. Iko ya watu 15, iko ya watu 7, na iko ya watu 13. Western Reds ilicheza raga ya watu 13. Mpira wake una umbo la yai. Mchezaji huushika kwa mikono na kukimbia nao. Akitaka kumpa mwenzake kwa mikono, lazima aurushe pembeni au nyuma. Haruhusiwi kuurusha mbele. Wapinzani humkaba na kumwangusha chini. Timu ikiangushwa mara 6 bila kufunga, lazima iutoe mpira kwa wapinzani. Mchezaji akifika nyuma ya mstari wa goli na kuugusisha mpira chini, timu yake hupata pointi 4. Kisha hupewa nafasi ya kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti. Ukipita, wanaongezewa pointi 2. Mchezo ni wa dakika 80.

Raga hii ya watu 13 ilitokana na ugomvi wa fedha. Zamani huko Uingereza wachezaji wa raga hawakuruhusiwa kulipwa. Katika miji ya kaskazini wachezaji wengi walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda. Mtu akienda kucheza siku ya kazi, alikatwa mshahara. Klabu za kaskazini zilitaka kuwafidia mshahara huo. Wakubwa wa mchezo walikataa. Tarehe 29 Agosti 1895, wajumbe wa klabu hizo walikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, wakajitenga. Baadaye walibadilisha sheria, wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13.

Kwa hiyo mchezo huu tangu kuzaliwa kwake ulijua kwamba mchezaji ana tumbo na ana watoto, na kwamba kila mechi ina gharama.

Mchezo ulifika Australia, na mwaka 1908 ligi ya kwanza ilianza katika jiji la Sydney. Ilikuwa na timu 9. Katika upande wa mashariki wa nchi hiyo mchezo ulipendwa sana, hasa na wafanyakazi.

2. Perth iko wapi?

Tukichukua ramani ya dunia, tutaiona Australia upande wa kusini-mashariki, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Jiji la Sydney liko pwani ya mashariki. Perth iko pwani ya magharibi. Bahari inayopiga pwani ya Perth ni hiyo hiyo Bahari ya Hindi inayopiga pwani ya Tanga, Mombasa na Dar es Salaam.

Perth ni mji mkuu wa jimbo la Australia Magharibi. Jimbo hilo ni kubwa mno. Ukubwa wake unazidi Tanzania nzima mara mbili na nusu. Lakini sehemu kubwa ya jimbo ni jangwa na nyika, na watu ni wachache. Wengi wanaishi Perth na karibu yake.

Kutoka Sydney hadi Perth kwa ndege ni kiasi cha kilomita 3,300. Ndege huruka kwa muda wa saa 5 hivi. Kwa barabara ni karibu kilomita 4,000. Njiani kuna uwanda mkubwa unaoitwa Nullarbor, na maana ya jina hilo ni "hakuna miti". Hata saa za miji hii miwili hazilingani. Sydney ikiwa saa 9 alasiri, Perth bado ni saa 7 mchana, na majira mengine tofauti hufika saa 3.

Tena watu wa Perth walikuwa na mchezo wao mwingine. Wao hupenda zaidi mpira wa Kiaustralia, unaochezwa na watu 18 kila upande katika uwanja wenye umbo la yai. Timu yao kubwa, West Coast Eagles, ilikuwa imeshinda ubingwa wa nchi mwaka 1992 na tena mwaka 1994. Mwaka 1995 timu ya pili ya mpira huo, Fremantle, iliingia ligi kuu. Fremantle ni bandari iliyo karibu kabisa na Perth.

Kwa hiyo Western Reds ilipofungua mlango, ilikuwa na majirani wawili wakubwa waliotandika biashara yao katika soko hilo hilo.

3. Watoto wanne wa mwaka 1995

Kabla ya mwaka 1995, ligi kuu ya raga ya watu 13 ilikuwa na timu 16. Nyingi zilikuwa za Sydney na miji ya karibu. Viongozi wa ligi walitaka mchezo uenee nchi nzima, hata nje ya nchi. Kwa hiyo mwaka 1995 waliongeza timu 4, zikawa 20.

Timu hizo mpya zilikuwa hizi:

Auckland Warriors, kutoka New Zealand.

North Queensland Cowboys, kutoka mji wa Townsville, kaskazini-mashariki ya Australia.

South Queensland Crushers, kutoka jiji la Brisbane.

Western Reds, kutoka Perth.

Tuwakumbuke hawa wanne. Walizaliwa mwaka mmoja, lakini hawakuwa na maisha sawa. Tutawarudia mbele.

Tarehe 12 Machi 1995 Western Reds ilicheza mechi yake ya kwanza. Uwanja ulikuwa WACA, uwanja mashuhuri wa kriketi mjini Perth. Wageni walikuwa St George, moja ya timu za zamani na zenye sifa huko Sydney. Watu zaidi ya 24,000 walikuja kutazama. Wengi wao labda walitegemea wageni wawafundishe wenyeji namna ya kucheza.

Wenyeji walishinda. Walipata pointi 28, na St George walipata 16.

Kocha wa timu alikuwa Peter Mulholland. Kati ya wachezaji walikuwapo Mark Geyer na Brad Mackay, ambao walikuwa wamekwisha kuichezea timu ya taifa ya Australia. Mwaka ulipokwisha, timu ilikuwa imecheza mechi 22. Ilishinda 11 na kushindwa 11. Katika timu 20 ilishika nafasi ya 11. Timu 8 za juu ndizo zilizoendelea kugombea ubingwa, kwa hiyo Western Reds haikufika huko. Lakini kwa mtoto wa mwaka mmoja, ilikuwa kazi nzuri. Tuilinganishe na mwenzake wa North Queensland. Yeye alishinda mechi 2 tu mwaka ule, akashika mkia.

Mtu aliyetazama uwanjani peke yake angesema hivi: Western Reds itaishi, North Queensland itakufa.

4. Nauli ya mgeni

Sasa tutoke uwanjani, tuingie ofisini. Tulifungue daftari la hesabu.

Klabu za mashariki ziliogopa gharama ya safari ya Perth. Ndege ya saa 5 kwenda na saa 4 au 5 kurudi, tena kwa kundi zima la wachezaji, si jambo dogo. Kwa hiyo Western Reds ilipoingia ligi, ilikubali sharti zito. Ilikubali kulipa gharama za usafiri za timu zilizokuja kucheza Perth.

Yaani ilijilipia yenyewe ilipokwenda mashariki. Na mgeni alipokuja Perth, ilimlipia pia.

Hebu tufanye hesabu ili tuuone uzito wa jambo hili. Hesabu hii ni mfano wetu tu. Tuseme kila timu husafiri na watu 25, pamoja na kocha na mganga. Tuseme nusu ya mechi 22 ni za nyumbani na nusu ni za ugenini.

Safari za Western Reds kwenda ugenini: 11. Watu 25 mara 11 ni tikiti 275.

Safari za wageni kuja Perth: 11. Watu 25 mara 11 ni tikiti 275.

Jumla ni tikiti 550 za kwenda na kurudi, kwa mwaka mmoja. Na karibu safari zote ni za kuvuka bara zima kutoka bahari hadi bahari.

Sasa tuitazame timu ya Sydney. Mwaka 1995, katika timu 20 za ligi, timu 11 zilikuwa za jiji hilo la Sydney. Mechi zake nyingi zilichezwa mwendo mfupi wa basi. Safari ya Perth ilikuwa moja kwa mwaka, au haikuwapo kabisa. Na safari hiyo moja ililipiwa na mwenyeji.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku Perth mgeni hakupewa jembe hata siku moja. Alilipiwa nauli ya kuja, akacheza, akalipiwa nauli ya kurudi.

Kwa nini viongozi wa Perth walikubali? Ni rahisi kuwacheka leo. Lakini tuwafikirie. Watu wa Australia Magharibi walikuwa wakicheza raga hii kwao kwa miaka mingi, na hawakuwa na timu katika ligi kuu. Mlango ulipofunguliwa waliona huenda usifunguliwe tena. Mtu aliyesimama mlangoni muda mrefu hukubali masharti ambayo aliyeko ndani asingeyakubali. Labda walitumaini kwamba viingilio vya uwanjani vingefidia nauli. Siku ile ya kwanza, wakiwaona watu 24,000, tumaini hilo lilionekana la kweli.

Lakini viingilio hupanda na kushuka. Timu ikishindwa mara mbili tatu, watu hubaki nyumbani. Mvua ikinyesha, watu hubaki nyumbani. Nauli ya ndege haishuki kwa sababu mvua imenyesha.

5. Vita vya wakubwa

Mzigo wa nauli peke yake huenda ungebebeka. Lakini timu ilipokuwa na umri wa wiki tatu hivi, jambo jingine lilizuka.

Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 1995, kampuni kubwa ya magazeti na televisheni, News Limited, ya tajiri Rupert Murdoch, ilianza kuwaandikisha wachezaji na klabu katika ligi yake mpya. Ligi hiyo iliitwa Super League. Kampuni ilitaka mechi za raga ili ziuzwe katika televisheni ya kulipia. Wakati huo haki za kuonyesha mchezo huo zilikuwa mikononi mwa tajiri mwingine, Kerry Packer. Yeye alisimama upande wa ligi ya zamani.

Matajiri hao wawili walianza kunyang'anyana wachezaji. Mkataba huu ukitaja fedha nyingi, ule ulitaja nyingi zaidi. Mishahara ya wachezaji ilipanda ghafla. Kwa mchezaji mmoja mmoja ilikuwa neema. Kwa mweka hazina wa klabu ilikuwa homa.

Klabu 8 zilikwenda upande wa Super League. Western Reds ilikuwa mojawapo. Mambo yalifikishwa mahakamani. Mwezi Februari 1996 jaji aliizuia Super League isianze. Mwezi Oktoba mwaka huo huo mahakama ya rufani ilitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo mwaka 1997 Australia ilikuwa na ligi kuu mbili za mchezo mmoja. Ligi ya zamani ilikuwa na timu 12. Super League ilikuwa na timu 10.

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Wapenzi wa mchezo walichoka. Waliona mchezo wao umegeuka kesi za mahakamani na habari za mishahara. Wengi waliacha kwenda uwanjani. Huko Perth, ambako mchezo ulikuwa bado mgeni, wapenzi walikuwa hawajapata muda wa kuzoea. Mtu aliyeipenda timu tangu babu yake huvumilia mengi. Mtu aliyeipenda timu mwaka jana, ukimchosha, hurudi kwenye mchezo wake wa zamani.

Mwaka 1996 Western Reds ilishika nafasi ya 16 katika timu 20. Mwaka 1997 ilibadilisha jina, ikaitwa Perth Reds. Katika Super League ilishika nafasi ya 8 kati ya timu 10. Wakati wote huo madeni yaliendelea kukua, yakafika mamilioni ya dola.

6. Mwisho wa timu

Mwezi Desemba 1997 wakubwa walipatana. Waliona kwamba ligi mbili zinawafilisi wote. Walikubaliana kuunda ligi moja kuanzia mwaka 1998. Tena walikubaliana kwamba ligi hiyo ipunguzwe polepole, ibaki na timu 14 ifikapo mwaka 2000.

Timu zilikuwa 22. Lazima baadhi zife. Zilizokufa mwisho wa mwaka 1997 zilikuwa tatu. Ya kwanza ni Perth Reds. Ya pili ni Hunter Mariners, ambayo iliishi mwaka mmoja tu. Ya tatu ni South Queensland Crushers. Crushers ilikuwa upande wa ligi ya zamani, na Reds ilikuwa upande wa Super League. Kwa hiyo tunaona kwamba kuchagua upande hakukumwokoa mnyonge. Upande wa ligi ya zamani alikufa mmoja, na upande wa Super League walikufa wawili.

Papo hapo timu mpya iliundwa katika jiji la Melbourne, ikaitwa Melbourne Storm. Baadhi ya wachezaji wa Perth walihamia huko. Kati yao walikuwa Robbie Kearns, Rodney Howe na Matt Geyer. Mwaka 1999, timu hiyo ikiwa na umri wa miaka miwili, ilishinda ubingwa. Katika fainali iliwafunga St George Illawarra pointi 20 kwa 18, mbele ya watu karibu 108,000. Hao watatu tuliowataja walikuwa uwanjani.

Hivyo wachezaji waliokuzwa Perth walikwenda kuvuna Melbourne. Mashabiki wa Perth waliwatazama katika televisheni.

7. Kwa nini mmoja aliishi na mwingine alikufa?

Tuwarudie sasa wale watoto wanne wa mwaka 1995. Wawili walikufa mwaka 1997: Western Reds na South Queensland Crushers. Wawili wako hai: timu ya Auckland, ambayo leo inaitwa New Zealand Warriors, na North Queensland Cowboys.

North Queensland ndiyo iliyoshinda mechi 2 tu katika mwaka wake wa kwanza. Mwaka 2015 ilitwaa ubingwa. Katika fainali iliishinda Brisbane pointi 17 kwa 16. Ilichukua miaka 20 kutoka mkiani hadi kileleni.

Ilikuwa na nini ambacho Perth haikuwa nacho? Ilikuwa katika eneo ambako raga ya watu 13 ndio mchezo wa kwanza wa wenyeji. Timu iliposhindwa, watu walinung'unika, lakini hawakuwa na mchezo mwingine wa kuukimbilia.

Yuko mfano mwingine. South Sydney ni timu iliyokuwapo tangu mwaka 1908. Baada ya msimu wa 1999 nayo ilitolewa katika ligi, ili timu zibaki 14. Lakini wapenzi wake walikataa. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika barabara za Sydney. Walichanga fedha. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2002 timu ilirudishwa, na mwaka 2014 ikatwaa ubingwa.

Western Reds haikupata maandamano kama hayo. Si kwamba watu wa Perth hawana moyo. Miaka mitatu ni mifupi. Mtoto aliyepelekwa na baba yake kutazama ile mechi ya kwanza, timu ilipovunjwa alikuwa bado mtoto. Hakupata nafasi ya kukua nayo na kumpeleka mwanawe.

8. Mlango umefunguliwa tena

Timu ilikufa, lakini mchezo haukufa. Huko Australia Magharibi watu waliendelea kucheza raga ya watu 13 katika klabu ndogo ndogo. Mwaka 2019 mechi kubwa kati ya majimbo ya New South Wales na Queensland ilichezwa Perth. Watu zaidi ya 59,000 walikuja. Hapo ilionekana wazi kwamba wapenzi bado wapo.

Mwezi Mei 2025 ilitangazwa kwamba Perth itapata tena timu katika ligi kuu. Jina lake ni Perth Bears, yaani Dubu wa Perth, na imepangiwa kuanza mwaka 2027. Jina la Dubu linatoka kwa North Sydney, timu ya tangu 1908 iliyotoka ligi kuu baada ya msimu wa 1999. Kwa hiyo timu mpya inaanza ikiwa na wapenzi wa zamani mashariki na wapenzi wapya magharibi. Tena safari hii serikali ya jimbo imekubali kuchangia fedha.

Kati ya 1997 na 2027 ni miaka 30. Ndiyo gharama ya kuanza vibaya. Mtoto wa siku ile ya kwanza sasa ni mtu mzima, na pengine ana watoto wa kuwapeleka uwanjani.

9. Tunajifunza nini?

Sisi hatuna timu ya kusafiri kwa ndege. Lakini tuna timu za vijana, vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa, mashine za kusaga za ushirika, na kamati za maji. Vyote huanza kwa furaha, na vingi hufa. Basi tutazame mambo manne.

Kwanza, sharti unalolikubali siku ya kuingia utaishi nalo. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, soma. Usipoelewa, uliza. Siku ile ya kwanza ndiyo yenye nafasi ya kusema, "Hili hatuliwezi, tugawane."

Pili, tenga gharama za kila mara na mapato ya kubahatisha. Nauli, mafuta ya mashine na kodi huja kila mwezi. Viingilio na michango huja siku nyingine, na siku nyingine havije. Usilipie cha hakika kwa kutegemea cha kubahatisha.

Tatu, angalia nani anaamua. Perth Reds ilicheza kwao, lakini hatima yake iliamuliwa mbali, na watu waliokuwa na ugomvi wao wenyewe. Kikundi kinachomtegemea mfadhili mmoja kijiulize: mfadhili akibadili nia kesho, tutabaki na nini?

Nne, ushindi si hesabu. Reds ilishinda nusu ya mechi zake mwaka wa kwanza na bado ilivunjwa. North Queensland ilishinda mbili na bado inaishi. Kwa hiyo mkutano usipige makofi kwa sababu ya mabao tu. Mweka hazina naye asimame, asome daftari, na watu wamsikilize.

Na yule mtu anayeinua mkono na kuuliza habari za nauli, tusimzomee. Tumpe nafasi aseme.

Maneno ya kukumbuka

Fidia: malipo ya kurudisha kile mtu alichopoteza.
Hatima: mwisho wa jambo au wa mtu.
Kiingilio: fedha anayolipa mtu ili aingie uwanjani.
Mfadhili: mtu au chama kinachosaidia kwa fedha.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Sharti: jambo ambalo lazima litimizwe kabla ya kukubaliwa.
Tengua: kubatilisha, kuondoa nguvu ya hukumu.

Maswali ya kujibu

1. Western Reds ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe gani? Ilishinda kwa pointi ngapi?
2. Ni sharti gani zito ambalo timu ya Perth ilikubali ilipoingia ligi?
3. Taja timu 4 zilizoingia ligi mwaka 1995. Zipi zimekufa na zipi ziko hai?
4. Piga hesabu: timu yenu ina watu 18. Nauli ya lori kwenda na kurudi ni shilingi 3,000 kwa kila mtu. Mna safari 5 kwa mwaka. Mnahitaji shilingi ngapi? Mkikubali kuwalipia na wageni 18 watakaokuja mara 5, mtahitaji ngapi?

Maswali ya kujadili darasani

1. Fikirini kikundi kimoja cha kijiji chetu kilichokufa. Kilikufa uwanjani au katika daftari la hesabu?
2. Kama mngekuwa viongozi wa Perth, mngelikubali sharti la nauli ili mpate kuingia, au mngesubiri? Toeni sababu.
3. Timu ya vijana wetu inapanga kuingia mashindano ya wilaya. Andikeni maswali matano ambayo kamati iyajibu kabla ya kununua jezi.